Suruali ya Zoezi la Nne

9 Januari

Mdogo wangu Kishungi,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetuvusha mwaka bila kutudai nauli. Sisi huku wazima, tukiliondoa goti langu la kulia, ambalo siku hizi linakanyaga cherehani kwa manung'uniko kama mfanyakazi aliyenyimwa likizo. Mwanangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na kichwani ana kishungi kama chako ulipozaliwa. Nilipomwona nilicheka mpaka mkunga akaniuliza kuna nini. Paa la jikoni bado linavuja upande ule ule. Kaburi la mama nimelipalilia mwenyewe siku ya mwaka mpya.

Baada ya salamu, nikushukuru kwa kukubali kunifundisha Kiingereza kwa barua. Tangu nihamishe cherehani kutoka barazani kwenda kwenye lile jengo la maduka, wateja wangu nusu yao hawajui Kiswahili. Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea gauni, akasema maneno mengi, nami nikaitikia "yes" kwa kila neno kama mtu aliye kwenye sala. Kumbe alitaka lipanuliwe. Mimi nikalibana. Alipolivaa palepale dukani tulitazamana kwenye kioo, yeye hawezi kupumua, mimi siwezi kusema samahani.

Sharti lako nimelielewa. Niandike mambo ya dukani na sokoni tu, na yawe ya kweli, yaliyotokea wiki hiyo, kwa sababu unasema sentensi ya uongo haikai kichwani. Zoezi la kwanza hili hapa nimelikunja ndani, kwenye karatasi zangu za vipimo vya wateja. Nimeandika jinsi nilivyonunua nyuzi, sindano za mashine na zipu sita. Mwalimu mstaafu anayekaa duka la jirani alitaka kunisaidia, nikamwambia aniache nikosee mwenyewe.

Sasa neno moja linanikaa kooni. Nilikuandikia mambo mawili katika barua ile ya Novemba. La masomo ulilijibu upesi, wewe ambaye barua yako huja kama mvua ya kuombewa. La pili, kwamba mwezi wa sita nitafunga duka wiki mbili nije kukutembelea, hukuligusa hata kwa ncha ya kalamu. Miaka kumi na moja uko huko na sijui unalala upande gani wa chumba. Labda ulisahau. Nakuombea usiwe umesahau kwa makusudi.

Dada yako


2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mwanao na kwa huyo mwenye kishungi. Mimi sijambo. Kazi ni ile ile ya dirishani: mgonjwa anakuja, namwuliza jina, umri, anakoishi, ndugu wa karibu, naandika kadi, namwonyesha benchi la kungojea. Hospitali imetupaka rangi mpya ya kijani ambayo inawafanya hata wazima waonekane wagonjwa.

Zoezi lako nimelisahihisha kwa wino mwekundu. Usishtuke. Wekundu ni mwingi kwa sababu kurasa ni nyingi. Makosa yako ni ya mtu anayefikiri haraka kuliko anavyoandika, na hilo ni kosa zuri.

Zoezi la pili ni mambo yaliyopita: nilikwenda, nilinunua, nililipa. Nimekuandikia mfano wangu mwenyewe ili uone sentensi zinavyopangwa. Jumamosi nilikwenda duka la pembeni. Nilinunua mkate laini, maziwa, pakiti ya nyembe na sabuni ya kunyolea. Nilinunua pia ndara namba tisa. Muuzaji aliniuliza kama nataka mfuko. Nilisema ndiyo. Nakili sentensi hizo mara tatu, kisha andika zako saba, hizo ziwe zoezi la tatu.

Chunga goti. Pumzika mchana japo nusu saa.

Mdogo wako


25 Februari

Kishungi,

Bwana asifiwe. Tuko salama. Mtoto ananenepa, mama yake anakonda, ndivyo ilivyo. Kikundi cha sala kimenichagua kuwa mweka ufunguo wa ukumbi, heshima ambayo maana yake ni kufika kabla ya wote na kufagia.

Nimenakili sentensi zako mara tatu kama ulivyoagiza. Kunakili ni kubaya, mdogo wangu. Mtu akisoma mara moja neno linapita. Akilinakili mara tatu linakaa na kuanza kumwuliza maswali.

Mimi nilikuogesha mpaka ukawa na miaka saba. Naujua unyayo wako. Unavaa namba nne, na hata ukivaa soksi mbili hufiki tano. Ndara namba tisa ni za nani? Na wewe una ndevu tangu lini? Usije ukaniambia ni sentensi za mfano tu. Sharti ni lako, ulilipigia mstari kwa wino mwekundu: ya kweli, ya wiki hiyo.

Nakuuliza kwa upole wa dada. Kama kuna mwanamume ndani, sema. Una miaka thelathini na tisa, hakuna atakayekuchapa. Mwalimu mstaafu anasema huko kwenu watu huishi pamoja bila hata kupelekana kwa wazazi, nami nikamwambia mdogo wangu hawezi. Sasa nimerudi nyumbani nimekaa na "hawezi" yangu. Ninachoogopa si mwanamume. Naogopa mwanamume mwenye mke mahali pengine. Nyumba yetu ilishaumwa na nyoka huyo, na mama alikufa bila kumtaja kwa jina kwa miaka thelathini na nne. Usimlete kwa mlango wa nyuma.

Sentensi zangu saba ziko hapo. Ya saba ni swali. Nimeiandika kwa Kiingereza ili usinilaumu kwamba sijifunzi: Who is in your house?

Dada yako


23 Machi

Kishungi,

Wiki nne. Nakumbuka ulikuwa na mtindo huu tangu utotoni. Ukivunja kitu unajificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

Naendelea kukuombea, ila nakiri sala yenyewe siku hizi ina masikio marefu.

Dada yako


10 Aprili

Dada yangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mwenzangu wa dirishani aliugua nikafanya zamu zake na zangu.

Nyembe nilinunua za kufumulia nyuzi. Nilikuwa nafumua pindo la sketi. Wewe fundi unajua hakuna kitu kinachofumua kama wembe. Ndara nilizikosea namba, nikaona uvivu kurudi dukani. Ndiyo hivyo tu. Umechukua vitu vitatu vya dukani ukamjenga mtu mzima.

Na mimi niulize. Huyo mwalimu mstaafu ni nani? Mwezi wa kwanza alikuwa jirani. Mwezi wa pili ana maoni juu ya maisha yangu. Mwandiko wa sentensi yako ya nne si wako, herufi zake zimelala upande kama zimechoka. Tangu lini unasomewa barua zangu? Wewe unanitafutia mwanamume kwenye mkate na maziwa, na wa kwako anakaa dukani kila alasiri mbele ya watu.

Kuhusu mwezi wa sita: chumba changu ni kimoja, na mwenye nyumba anasema atabomoa ukuta wa msalani wakati huohuo. Itakuwa vumbi na kelele. Tuiache safari mpaka Desemba, halafu tutaona.

Zoezi la tatu umelifanya vizuri. La nne ni maneno ya kulinganisha: ndefu zaidi, fupi zaidi, pana zaidi. Nimeandika mazungumzo ya mteja na muuzaji wa nguo, yasome kwa sauti. Mteja anarudisha suruali. Anasema kiunoni ni pana mno, anataka inchi thelathini na mbili. Anasema mguu wa kulia ni inchi thelathini, uko sawa, lakini wa kushoto ufupishwe uwe ishirini na nane na nusu. Muuzaji anashangaa, anasema suruali zote miguu ni sawa. Mteja anasema suruali ni sawa, watu ndio hawako sawa. Wanacheka. Muuzaji anachukua chaki.

Jifunze kwa moyo. Mungu akulinde.

Mdogo wako


2 Mei

Kishungi,

Sina habari za nyumbani leo. Mtoto mzima, paa linavuja.

Nyembe za kufumulia pindo hazinunuliwi pamoja na sabuni ya kunyolea. Hilo ningekusamehe. Uongo wa nguo ungemwambia mtu mwingine, si fundi, lakini hilo pia ningekusamehe.

Nilisoma mazungumzo yako dukani baada ya mteja wa mwisho wa mchana kuondoka. Nilisoma kwa sauti kama ulivyosema. Mimi Kiingereza changu hakiingii kwa masikio, kinaingia kwa mikono, kwa hiyo nikachukua chaki nikasema nitaichora hiyo suruali ili maneno ya kulinganisha yanikae. Nikatandika karatasi la kaki mezani. Kiuno thelathini na mbili. Mguu wa kulia, thelathini. Mguu wa kushoto, ishirini na nane na nusu. Nilipofika kwenye pindo la kushoto mkono wangu ukakunja wenyewe, mara mbili, nje ndani, kabla sijafikiri.

Nikarudi nyuma hatua moja, nikamwona amelala mezani.

Wewe ulikuwa na miaka mitatu, huwezi kujua. Mimi nilikuwa na kumi na mbili, na kazi yangu kila Jumamosi ilikuwa kushika pindo la mguu wa kushoto wakati mama anapiga pini. Mwenye suruali alianguka kwenye paa akiezeka nyumba ya watu kabla mimi sijazaliwa, mfupa ukaungana vibaya. Inchi moja na nusu. Mama alikuwa akikunja mara mbili, nje ndani, ili watu barabarani wasione. Alimfichia kilema chake miaka kumi na nne kwa sindano na uzi, naye akaondoka asubuhi moja na suruali tatu alizoshonewa, zote zimekunjwa vizuri.

Nilifungua sanduku la mama nikatoa daftari lake la vipimo. Wateja wote wana jina juu ya ukurasa. Ukurasa mmoja hauna. Thelathini, ishirini na nane na nusu. Kiuno kilikuwa thelathini na sita. Kiuno hupungua mtu akizeeka, tumbo hushuka, mabega huinama. Mfupa hauongopi.

Nilidhani unaficha mwanamume wa mtu. Kumbe unamficha wa kwetu.

Niambie, amekaa hapo tangu lini? Wakati tunamzika mama, ulikuwa unajua? Ulisimama karibu nami pale kaburini ukiwa unajua? Jibu hilo kwanza kabla ya yote. Ukijibu vibaya sitaandika tena.

Na kwa kuwa tunasema ya kweli, ya wiki hiyo, nikwambie na mimi langu. Ulipokubali kunifundisha uliniuliza kwa nini Kiingereza sasa, nikakujibu wateja. Wateja wapo kweli. Lakini mwaka alioondoka nilikuwa darasa la tano. Siku ya Jumatatu tuligawiwa kitabu cha Kiingereza, kina picha ya duka kwenye jalada, mama mwenye kikapu na muuzaji mwenye kofia nyeupe. Nilikifunika kwa karatasi la kaki. Alhamisi akaondoka. Jumatatu iliyofuata nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya pili, na kitabu mama alikirudisha shuleni kwa mkono wake, hakijafunguliwa ukurasa wa tatu. Wewe ukasoma. Sijawahi kukuonea wivu, Mungu ni shahidi, isipokuwa mara chache. Nilitaka kujua yule mama wa kikapu alinunua nini.

Mwalimu mstaafu hasomewi barua zako. Sentensi ya nne niliandika mkono wangu ukiwa umekufa ganzi. Nakujibu hilo ili ujue anayejibu swali anaonekanaje.

Dada yako


24 Mei

Dada,

Sikujua. Mama alipozikwa sikujua. Naapa mbele ya Mungu unayemwomba na ninayemwomba. Nilijua Oktoba iliyopita, mwaka na miezi mitano baada ya mazishi.

Aliletwa na wenzake wa kibarua, ameanguka ghafla, upande mmoja wa mwili umelegea. Alikuwa mzee kama wazee wote wa benchi lile. Nikamwuliza jina, akalitaja, nikasema ni majina tu, watu hufanana majina. Nikamwuliza anakoishi, akasema hana. Nikamwuliza ndugu wa karibu, yule wa kumwita likitokea la kutokea. Akanitajia mama. Jina lake, la babu na la babu mzaa babu, bila kusita, na ulimi wake mzito ule, kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Nikamwuliza ni nani yako. Akasema mke wangu. Nikaandika, dada. Ilinibidi niandike, nyuma yake kulikuwa na foleni. Mpaka leo kadi ile inasema ndugu yake wa karibu ni mtu tuliyemzika.

Sikumwambia mimi ni nani kwa siku tisa. Nilikuwa nikipita wodini nikimtazama kwa mbali kama askari kanzu. Siku ya kumi wakataka kitanda chao, na hakuna aliyekuja kumchukua.

Sina cha kujitetea. Sikumchukua kwa upendo. Mimi simkumbuki, sina hata harufu yake. Wewe una hasira, hasira ni kitu, ina mtu ndani yake. Mimi nilikuwa na nafasi tupu, na ghafla kukawa na mtu wa kukaa hapo. Nilimchukua kwa udadisi, Mungu anisamehe. Nikasema nitamtazama wiki moja.

Sikukwambia kwa sababu nilijua utaniambia nichague, na kwamba ungekuwa na haki. Wewe ndiye uliyekaa kwenye cherehani. Viatu nilivyovaa siku ya kwanza ya sekondari vilitoka mguuni mwako, wewe ulivyokanyaga cherehani. Nitamwekaje mtu yule kwenye kitanda ambacho ni jasho lako, halafu nikuandikie salamu nyingi?

Unasema mtu akijificha nyuma ya pazia miguu inaonekana. Nimefikiri sana kwa nini nilikuandikia ile suruali. Nilikuwa nimetoka kuinunua siku hiyo. Ningeweza kuandika blauzi. Kalamu ilikwenda, nikaiacha. Labda nilichoka kuwa peke yangu na jambo hili.

Kuna lingine, bora ulisikie kwangu. Anayaona mazoezi yako. Nasahihisha mezani, yeye yuko kitandani, chumba ni kimoja kweli, hilo sikudanganya. Alifanya kazi kwa wenye Kiingereza miaka mingi, anakijua. Aliniuliza huyu mwanafunzi wako ni nani, nikasema ni mteja mmoja. Huomba nimsomee. Zoezi la nyuzi na zipu alicheka. Akasema, "Mwanafunzi wako hajui kuomba apunguziwe. Anakubali bei ya kwanza. Mtu huyo alizoea kubeba tu." Juzi akaniambia nimpe karatasi zako azishike. Akazishika muda mrefu, akaurudia ukurasa ule ule. Kisha akasema, "Mteja gani anaandikia kwenye karatasi la vipimo?" Nikazichukua nikazirudisha mezani. Nadhani anajua. Nadhani naye ananiangalia kama mimi ninavyomwangalia. Tunaishi humu wawili, kila mmoja anamshuku mwenzake, na tunapeana chumvi.

Daktari amesema maneno ambayo madaktari husema wakitaka uelewe bila wao kusema. Mwaka mpya mwingine hauko kwenye hesabu yao.

Ukuta wa msalani haubomolewi. Njoo, au usije. Sitakuomba, sina haki hiyo. Ila ukija usije na daftari la mama. Hilo litamwua kabla ya wakati.

Mdogo wako


11 Juni

Kishungi,

Nakusalimu. Barua yako nilikaa nayo siku kumi na tatu. Mtoto ameota jino. Goti limetulia, au limezoea.

Nimekuamini kuhusu mazishi. Nimekuamini kwa sababu ya foleni. Mtu anayetunga hatungi foleni. Mengine bado nayatazama kwa jicho moja, usinidai yote mara moja.

Sasa nikueleze kilichonipata. Ijumaa nilifika ukumbini mapema kama kawaida yangu, nikafagia, wenzangu wakaja tukasali. Tulipofika pale pa kuomba tusamehewe kama tunavyosamehe, sauti yangu ikakatika. Si mara ya kwanza. Kwa miaka mingi mstari ule huwa nausogeza midomo tu, wengine wanaubeba. Safari hii aliyekuwa karibu nami alinyamaza pia, alikuwa anakohoa, na pakawa kimya upande wetu wote. Nilisikia kimya changu. Baada ya sala nilifunga ukumbi. Nilikwenda moja kwa moja kwa kampuni ya basi.

Ninaondoka tarehe ishirini na tatu. Nitafika siku ya pili asubuhi. Usije kituoni, usimwache peke yake. Niandikie njia kwenye karatasi, na jina la mtaa uliandike kwa herufi kubwa nimwonyeshe mtu.

Daftari la mama sitalileta. Nilifikiri kulileta, nakwambia ukweli. Nililitia kwenye mkoba, nikalitoa, nikalitia. Limebaki sandukuni, na ufunguo nimempa mwanangu ili nisijidanganye njiani.

Usimwambie kwamba nimesamehe. Sijasamehe. Usimwambie kwamba nakuja kugombana, maana hata hilo sijui. Mwambie yule mteja anakuja, basi. Kama anajua, ataelewa. Kama hajui, atakuwa na siku chache za kujiuliza. Mimi nimejiuliza miaka thelathini na sita, yeye aanze na hizo.

Lakini nina shida moja, na ndiyo sababu naandika badala ya kuja tu. Nimejaribu kulisema neno la kwanza, hapa peke yangu, nikiwa nimesimama mlangoni mwa duka kama ndio mlango wako. Siwezi. Nikifungua mdomo kwa Kiswahili, cha kwanza kinachotakiwa kutoka ni shikamoo. Yeye ni mzee, mimi ni mtoto wake, hakuna njia ya kuingia chumbani kwa mzee bila kulitoa. Nikilitoa nitakuwa nimemwongopea, na nikiingia bila kulitoa nitakuwa nimemtukana mgonjwa kitandani, jambo ambalo mama hakunifundisha. Na baada yake lingefuata lile neno la kumwita, ambalo mdomo wangu haujalitumia tangu darasa la tano. Lugha yetu imenifunga kila mahali. Kila ninakogeuka kuna heshima yake imekaa inaningoja.

Ndipo nikakumbuka mazungumzo yako ya dukani. Pale mtu anaingia, anasema "good morning", basi. Haulizwi wewe ni mtoto wa nani. Mzee na kijana, tajiri na fukara, wote ni "you". Hakuna anayemwamkia mwenzake kwa kichwa chini. Nikaona, hii ndiyo lugha ninayoweza kuingia nayo chumbani mwako. Naye anaijua. Haitakuwa taabu kwake.

Kwa hiyo naomba zoezi la mwisho kabla ya safari. Lipeleke posta siku utakayopata barua hii, linifikie kabla ya ishirini na tatu. Sitaki mambo ya suruali wala ya kupunguziwa bei. Niandikie mazungumzo ya mtu anayeingia duka ambalo hajawahi kuingia. Anasalimu. Anauliza kilichopo. Anaruhusiwa kushika kitu, kukigeuza, kukirudisha mahali pake. Mwenye duka anaweza kuzungumza, na yeye anaweza kusikiliza. Andika polepole, kwa sentensi fupi, nizikariri ndani ya basi. Na mwishoni usisahau kuweka yale maneno ambayo mteja husema anapotaka kutoka bila kununua, bila mtu yeyote kumwona ana adabu mbaya, na yale anayosema akitaka kurudi kesho.

Dada yako